Fundi wa Makochi Alivyotumwa Mkate

Mwaka ule ulikuwa wa sabini na sita. Hapana, nasema uongo bila kukusudia. Sabini na sita nilikuwa bado nafagia stesheni ya treni katika mji mwingine kabisa, na dada yangu alikuwa hajavuka mpaka. Basi ni sabini na nane, kuelekea mwisho wake, baridi ikiwa imeanza kuuma vidole. Nakumbuka kwa sababu ya koti. Shemeji yangu alikuwa amenunua koti la mitumba, kubwa, la kijivu, likamfanya aonekane kama kochi ambalo halijavalishwa kitambaa. Mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, si mimi.

Shemeji huyo, mume wa dada, alikuwa fundi wa makochi. Mbao walichonga wengine. Yeye kazi yake ilikuwa kuvalisha. Alifunga springi kwa kamba, akatandaza gunia juu yake, akajaza manyoya ya farasi au sponji, kisha akavuta kitambaa mpaka kikanyooka kama ngozi ya ngoma, akakipigilia misumari midogo. Misumari yenyewe aliiweka mdomoni, konzi nzima, akawa anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi, kichwa kikitangulia, nyundo ikiupokea. Mtu mwenye misumari mdomoni hakuna anayemsemesha. Ndiyo maana alifanya kazi katika nchi ya watu miaka nenda miaka rudi bila kujifunza lugha yao. Alijua majina ya vitambaa, alijua rangi, na alijua salamu. Salamu alizijua zote, hata zile ambazo wenyeji wenyewe walikuwa wameanza kuziacha. Nikiandika hapa kwamba alimwambia mwenyeji hivi au vile, msomaji ajue yalikuwa maneno machache ya kuokota na mikono mingi.

Walikaa chumba kimoja na jiko, ghorofa ya juu kabisa, kwenye nyumba ambayo ngazi zake zilikuwa nyembamba na zimelika katikati kwa miguu ya watu. Kitanda kilikuwa chini ya dirisha. Ukilala pale, ukainua kichwa kidogo tu, unaona mtaa wote: duka la mkate upande wa pili, duka la dawa ubavuni mwake, halafu fundi viatu, halafu kona. Mimi nililala mabwenini, nje ya mji, kwenye kiwanda cha chupa nilikokuwa nimepata kazi, na nilikuja kuwaona mwisho wa juma. Kila nikikumbuka chumba kile nasikia harufu ya gundi ya Shemeji na ya nguo zinazokaukia ndani. Sijui kwa nini harufu mbaya hukaa moyoni kuliko nzuri.

Dada ndiye aliyekuwa miguu ya nyumba ile. Lugha ya pale aliinywa kama maji. Aliingia dukani kama askari wa doria: hiki, kile, si hicho, lete, kwaheri. Alijua sabuni ipi haichubui mikono na muuza gesi yupi mitungi yake inavuja. Shemeji, tangu walipofika, hakuwahi kununua hata kiberiti. Kwao alikuwa kifungua mimba, wadogo zake wanane. Huyo akisema "maji", kuna anayekimbia. Alipooa, dada akachukua zamu. Mtu wa kutuma tu, hakuwahi kutumwa.

Basi ndipo dada akashika mimba.

Si ya kwanza. Moja ilitoka nyumbani, kabla hawajasafiri. Ya pili ilitoka kulekule ugenini, kwenye ngazi zilezile, dada akiwa amebeba mtungi wa gesi. Shemeji hakuwa akiizungumzia hiyo ya pili, lakini tangu siku ile mtungi alibeba yeye. Ikaja hii ya tatu, na daktari, mama mmoja mwenye sauti nzito, akamwambia dada waziwazi: "Kitanda. Unaamka kwenda chooni, basi. Ngazi zile ukizishuka, mtoto huyu hutampata."

Nilipofika Jumamosi hiyo niliwakuta wamenuna wote wawili, kila mmoja anaangalia ukuta wake.

"Mdogo wangu, mwambie shemeji yako," dada akasema. "Mwambie wewe uwe unakuja jioni kutununulia vitu."

"Nitakuja," nikasema. "Basi la kiwanda linapita hapo kona."

"Hapana," Shemeji akasema.

"Hapana nini?"

"Shemeji yangu amnunulie mke wangu sabuni ya kuogea, mimi nimekaa? Watu watasema nini?"

"Watu gani, Fundi?" dada akauliza. Alizoea kumwita Fundi. "Hapa nani anatujua?"

"Mimi najijua."

Dada akanigeukia. "Umesikia? Haya. Kesho nitaona mkate unaingiaje humu ndani. Na nakuambia, Fundi, nikishinda na njaa nashuka mwenyewe. Sitanii. Nashuka."

Na alikuwa hatanii. Dada yangu hakuwa mtu wa kulala. Kitandani alionekana kama kuku aliyefungwa miguu. Shida yote ilikuwa hapo: kila kitu kitakachokosekana ndani, kitamwinua. Shemeji aliona wazi kwamba mtoto wake sasa ametundikwa kwenye mkate, sabuni na kiberiti.

Asubuhi yake akavaa koti, akashuka. Mimi na dada tukachungulia dirishani.

Alifika mlango wa duka la mkate, akasimama. Tukaona mdomo unacheza.

"Anafanya nini?" nikauliza.

Dada akafunika uso kwa mikono. "Anapiga hodi. Ee Mungu wangu, mume wangu anapiga hodi dukani."

Na ndivyo ilivyokuwa. Alipiga hodi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na bila kuitikiwa hakuingia, maana kwa malezi yake mlango usioitikia ni mlango uliokataa. Bahati mteja mmoja akatoka, akamshikia mlango. Akaingia. Yaliyotokea ndani alitusimulia mwenyewe. Alisalimia foleni nzima, mmoja mmoja, akiwapa mkono. Wengine walitoa, wengine walificha. Zamu yake ilipofika, mwenye duka, mama mnene wa makamo mwenye aproni, akamwambia kama alivyowaambia wote: "Unataka nini?"

Sasa hapo nitue kidogo nieleze, kwa vijana wa siku hizi. Sisi tulilelewa hivi: mtu akija kwako humuulizi anataka nini. Unamkaribisha, unamuuliza wa nyumbani, naye anakuuliza wako, na kilichomleta anakitaja mwishoni kabisa, ameshasimama, kama kitu alichokikumbuka njiani. Ukimuuliza mtu "unataka nini" usoni, umemfukuza. Shemeji akajiona amefukuzwa mbele za watu. Akasema, kwa heshima zake zote, "Sitaki kitu, mama. Nimepita kukusalimu." Akatoka.

Akapanda ngazi mikono mitupu.

"Mkate uko wapi?" dada akauliza.

"Yule mama leo hayuko sawa. Nimeona nisimsumbue."

"Fundi! Umekwenda bure?"

"Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota."

"Haya, umeokota nini?"

"Nimeokota kwamba anachechemea. Ana goti."

Dada alicheka mpaka nikaogopa kile kicheko kitamdhuru tumbo. Kisha akaacha kucheka, akashusha miguu sakafuni, akawa anatafuta viatu chini ya kitanda. Shemeji alikimbia akaenda kusimama mlangoni, koti lake likauziba mlango wote.

"Lala, mwenzangu. Narudi. Nakwenda tena. Lala."

"Sema 'mkate'. Neno moja tu. Ukifika, 'mkate'."

"Niingie kwa mtu niseme 'mkate', kama namwibia?"

"Kama unanunua!"

Akarudi. Safari hii alikaa muda. Mkate ulikuja, ila si kwa kuuomba. Alinisimulia mama wa mkate mwenyewe, baadaye, tulipozoeana. Alisema yule bwana aliingia tena, akasalimia, akauliza habari za goti. Hakuna mtu katika mji ule aliyewahi kumuuliza habari za goti lake. Akajikuta anajibu. Akajibu mpaka foleni ikaanza kuguna. Halafu naye, kwa adabu tu, akamuuliza, "Na wewe, nyumbani wazima?" Shemeji akamwambia: mke yupo kitandani, pale juu, dirisha lile, ana mimba, mbili zilitoka, hii daktari amesema asishuke. Mama wa mkate akatazama dirisha, akaona kichwa cha dada juu ya mto. Akafunga mkate kwenye karatasi, akampa. "Nilijua kwamba huyu hataomba kamwe," aliniambia. "Nikimngoja aombe, mke atakufa njaa."

Kuanzia hapo ikawa hivyo. Shemeji alikwenda mapema, kabla ya kazi, foleni ikiwa bado fupi. Alipewa kibao pembeni ya magunia ya unga, akakaa, wakaulizana. Habari za goti, za usingizi, za binti wa mama wa mkate aliyeolewa mbali na haandiki. Za tumbo, limefika wapi, linacheza au limetulia. Mkate aliupokea akiwa anaondoka, akistaajabu kidogo, kama kwamba ni zawadi.

"Wewe bwana," mama wa mkate alimwambia siku moja mbele yangu, "unanunua mkate mmoja, unaniachia maneno gunia zima."

"Maneno hayaozi, mama," Shemeji akamjibu. "Mkate wako kesho mgumu."

Kwa fundi viatu ilikuwa hivyohivyo, na kwa muuza gesi pia, ingawa huyo alikuwa mkali na alitaka kila mtu aseme haraka. Mimi nilimtania sana Shemeji. Nilimwambia, "Shemeji, wewe unakwenda kununua sabuni au kuposa?" Naye hunijibu, "Kuposa ni rahisi, Shemeji. Nilimposa dada yako kwa siku moja. Sabuni hii nimeihangaikia tangu asubuhi." Dada naye akiwa kitandani alikuwa akitazama yote kama mtu anayetazama mpira: "Ameingia. Anatoka. La, amesahau kitu, anarudi. Hajasahau, amerudi kuaga!" Akipiga kioo kwa kidole, Shemeji anainua kichwa kule chini, anapunga mkono.

Nikizikumbuka siku zile, jamani. Tulikuwa hatuna kitu na tulikuwa tunacheka kutwa.

Mahali pamoja tu ndipo hakupazoea: duka la dawa. Muuza dawa alikuwa kijana aliyevaa koti jeupe lililopigwa pasi, mtu asiyeinua macho. Dada alikuwa akipewa vidonge vya kutuliza tumbo lisikaze, na chupa za mwanzo alizileta daktari mwenyewe. Kisha daktari akasema sasa mnunue hapo chini, mwonyesheni chupa, atajua.

Ilikuwa Jumamosi. Karakana ya Shemeji ilikuwa na kazi ya viti vya ukumbi mmoja, wakafanya kazi mpaka mchana umepinda. Vidonge vilikuwa vimekwisha tangu jana yake. Shemeji alikuwa na chupa tupu mfukoni, ameahidi kupita na vidonge saa ya chakula, na hakupita. Dada akiwa amelala, tumbo likaanza kukaza. Likakaza, likalegea. Likakaza tena. Alikuwa peke yake.

Haya mengine sikuyaona. Nilikuwa kwenye basi, nakuja. Nilisimuliwa na wote watatu, kila mmoja kwa namna yake, nami nimeyashona kadiri ya uwezo wangu.

Shemeji alitoka kazini mbio, akaingia duka la dawa bila hata kupiga hodi, maana alikuwa na wasiwasi. Ndani kulikuwa na wanaume tu, wazito, wamesimama kimya. Ilipofika zamu yake akaanza, "Hujambo, mwanangu? Habari za kutwa?" Kijana, bila kuinua macho: "Unataka nini?"

Shemeji akaishika ile chupa mfukoni. Alisema ilikuwa imepata joto mkononi mwake. Dawa ya tumbo la mkewe, mbele ya wanaume wale, bila hata kuulizwa hali! Akasema lile neno lake, "Sitaki kitu. Nimepita kusalimu," akatoka nje. Nia yake ilikuwa azunguke kona, wale wanaume waondoke, kisha arudi.

Lakini dada dirishani hakuijua hiyo nia. Yeye alimwona mumewe akiingia duka la dawa, akamwona akitoka mikono mitupu, akamwona akipinda kona, anatokomea. Na tumbo likakaza tena.

Akainuka. Akavaa viatu.

Mama wa mkate alikuwa anamkatia mtu mkate. Alikuwa amezoea, kila akiinua macho, kuona kile kichwa kwenye mto, chini ya dirisha. Mara hii akainua macho akamwona dada mzima mzima, amesimama, anavaa koti. Akatazama tena. Dirishani hapakuwa na mtu. Aliacha kisu ndani ya mkate. Hakumuaga mteja yeyote. Alivuka mtaa na aproni yake, goti lake lile, akaanza kupanda.

Wakakutana juu, ngazi za mwisho. Mama wa mkate hakuwa na pumzi hata ya kusema. Akakaa. Akajaza ngazi, ukuta huku, reli huku, panya asingepita.

"Nipishe, mama," dada akasema.

Yule mama akahema, akahema, kisha akasema, "Hujambo?"

"Sijambo. Nipishe, nafuata dawa."

"Habari za nyumbani?"

"Njema. Mama, tafadhali—"

"Mama yako, huko kwenu, mzima?"

"Mzima."

"Na baba?"

"Alikwisha fariki."

"Pole sana. Lini?"

"Zamani! Nipishe!"

"Na mdogo wako, wa kiwanda cha chupa. Anakula vizuri? Nilimwona amekonda."

Dada aliniambia, "Mtu angenizuia kwa nguvu, wallahi ningemsukuma. Ningemruka. Lakini mtu amekaa chini, jasho linamtoka, anakuuliza habari za mama yako. Utamsukumaje? Unaanzia wapi?" Akajikuta anajibu. Mama aliye mzima, shangazi aliyepooza, wifi mwenye maneno mengi, mmoja baada ya mwingine. Yule mama hakuwajua hata mmoja, lakini alikuwa amejifunza kwa Shemeji kwamba ukoo hauishi ukiuulizia. Dada akachoka kusimama. Akakaa naye pale juu, mgongo ukutani, mkono tumboni.

Kule nje Shemeji alikuwa amefika kona. Akageuka, kama alivyozoea, kutazama dirisha ampungie. Dirisha tupu.

Alirudi duka la dawa akikimbia. Aliwapita wale wanaume wote. Akaitoa ile chupa, akaigonga juu ya meza, akasema kwa sauti iliyomshtua yeye mwenyewe: "Dawa ya mke wangu! Tumbo! Sasa hivi!" Hujambo hakuna, habari hakuna. Kijana akainua macho, nadhani kwa mara ya kwanza mwaka ule, akampa vidonge.

Akapanda ngazi mbilimbili, koti likipepea, akafika akamkuta mama wa mkate amezijaza.

"Pisha!" akasema.

Mama wa mkate akageuza shingo, akamtazama. "Ala! Leo hata goti langu huniulizi?"

Hapo ndipo nilipofika mimi. Chini nilikuta duka la mkate liko wazi, halina mwenyewe, wateja wanajikatia, mmoja wao anawapanga wenzake foleni. Nikadhani kuna msiba. Nilipopanda nikawakuta wote watatu wamekaa ngazini. Shemeji ameshika bilauri ya maji, dada anameza vidonge, mama wa mkate anacheka na kulia. Tulimrudisha dada kitandani tukiwa tumemshika kama meza ya kioo. Daktari akaitwa. Tumbo likatulia kabla jua halijazama, na dada hakuinuka tena mpaka siku yake.

Mtoto alizaliwa baridi ikiwa imekwisha, wa kike, sauti kama filimbi ya kiwandani kwetu. Shemeji alishuka kuutangazia mtaa mzima, na siku hiyo hakungoja kuulizwa wa nyumbani.

Lakini kabla ya hapo, Jumatatu ileile baada ya mkasa, alikwenda duka la dawa. Ilikuwa inamkera.

"Mwanangu," akamwambia kijana, "juzi niliingia hapa sikukusalimu. Nimekuja kukusalimu."

Kijana akamtazama. "Unataka nini?"

"Leo kweli sitaki kitu," Shemeji akasema, akatoka akiwa ameridhika.

Walikaa kule mpaka binti akamaliza shule. Mimi niliondoka mapema, nikaenda nchi nyingine, na nyingine, maana miguu yangu haikupewa breki. Mara moja nilipita mji ule, nikaenda mtaani. Ngazi zilikuwa zimewekwa zege. Duka la mkate linauza miwani. Mama wa mkate, nikaambiwa, alichukuliwa na yule binti yake wa mbali, aliyekuwa haandiki. Nikafurahi kusikia hivyo, nikasimama pale kidogo, kisha nikaenda zangu.

Shemeji alirudi nyumbani na nyundo yake, akafungua kibanda, akavalisha viti vya watu mpaka mikono ikaanza kutetemeka. Kutumwa aliendelea kutumwa. Ladha ilikuwa imemwingia. Dada akisema "chumvi", mzee ameshavaa kofia, na atarudi jua limepinda, na chumvi, na habari za kata nzima. Alikufa vizuri, mchana, wajukuu wakiwa wamemzunguka.

Kuna jambo moja hakuwahi kumuuliza mkewe. Mama wa mkate aliniambia, siku tulizozoeana, kwamba alipofika juu alimkuta dada ameshashuka ngazi mbili, na mguu unatafuta ya tatu. Dada siku zote alimsimulia binti yake kwamba alisimama mlangoni tu, ili amwite mumewe kwa sauti. Nilimwambia Shemeji amuulize. Akasema, "Mtoto yupo, mke yupo, niulize nini tena?" Lakini niliona kwamba aliogopa. Mtu aliyempoteza mtoto kwenye ngazi zilezile, tena kwa ajili ya mtungi wa gesi, hawezi kulibeba swali kama hilo kila anapopanda kulala.

Nikaja kuuliza mimi. Shemeji ameshazikwa, dada anashona mapazia barazani kwake, miwani imeteremka puani. Nikamuuliza taratibu. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mdogo wangu, hebu nikimbilie dukani uniletee uzi mweupe. Ule mnene, si huu wa kukatikakatika."

Mzee mzima nina mvi mpaka kwenye nyusi, nikatumwa, nikaenda. Nikakaa kidogo na mwenye duka, tukaulizana. Niliporudi nikampa uzi, akaupitisha kwenye tundu la sindano mara moja tu, bila kubahatisha, na macho yake yale. Nikauliza tena. Nikauliza mwaka uliofuata, na mwaka wa mwisho wake, alipokuwa amelala kitandani kwa mara ya pili katika maisha yake na hakuna aliyehitaji kumzuia asiinuke. Nilimshika mkono nikamwambia: Dada, siku ile, yule mama angechelewa kidogo tu, ungeshuka? Akanituma maji.